Rangi ya gundi kwenye ngozi: jibu kwa msomaji wa Uyole

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi, ninaishi Uyole, Mbeya. Mwezi wa nane mimi na wenzangu tutakutana mjini tukiwa tumevaa na kujipamba kama wahusika tuliowabuni wenyewe, yaani kosplei. Mhusika wangu ni kiumbe wa ziwani mwenye ngozi ya buluu mwili mzima. Nimesoma kwamba wataalamu huchanganya gundi na rangi ya akriliki ili rangi isifutike kwenye nguo wala kwa jasho. Gundi yenyewe sijaipata madukani. Je, naweza kutumia gundi ya mbao au gundi ya wigi badala yake, na je, naweza kujipaka mwili wote pamoja na uso?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na sehemu iliyo nyepesi kujibu. Gundi ya mbao usiitumie kabisa, uso mzima usiupake mchanganyiko huu, na mwili mzima usiupake hata kama utaipata gundi iliyo sahihi. Hata hivyo, kiumbe wako wa buluu anawezekana, tena kwa ubora ambao kupaka mwili mzima kusingekupa. Ili uone kwa nini ninakuelekeza huko, inakubidi kwanza uijue rangi hii ilitengenezwa kwa ajili ya kitu gani.

Rangi unayoizungumzia hujulikana kwa jina la PAX. Anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Dick Smith, msanii wa Marekani wa vipodozi vya filamu aliyefariki mwaka 2014, mtu ambaye wengi wetu katika kazi hii tumejifunza kutokana na mbinu zake hata bila kumwona. Mchanganyiko huo una vitu viwili. Cha kwanza ni gundi iitwayo Pros-Aide, ambayo ni akriliki, yaani aina ya plastiki, iliyoelea ndani ya maji, nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na angavu ikikauka. Cha pili ni rangi ya akriliki ya wachoraji. Shida iliyokuwa ikitatuliwa ilikuwa hii: wasanii walitengeneza pua, makovu na mashavu ya bandia kwa mpira wa povu, nao mpira huo hunyonya rangi za kawaida, hubadilisha sura yake, na kila mwigizaji anapotabasamu rangi iliyo juu yake hupasuka. Akriliki peke yake hukauka ikawa ngumu. Ikichanganywa na gundi inayobaki laini, hunyumbulika pamoja na mpira na kuushika kwa nguvu. Kwa hiyo PAX ilizaliwa kwa ajili ya ngozi bandia. Kuipaka kwenye ngozi hai kulikuja baadaye, na wasanii waangalifu hufanya hivyo kwa maeneo madogo, hasa pale kipande cha bandia kinapokutana na shavu au shingo na mpaka unahitaji kufichwa.

Ngozi yako si mpira wa povu. Ina vinyweleo, hutoa jasho na mafuta, hujikunja kwenye kiwiko na nyuma ya goti, na hukumbuka ilivyotendewa. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa zaidi kwetu sisi wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, kwa sababu ngozi yetu inapowashwa au kuchubuka, hata kidogo, huweza kuacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi baada ya kidonda chenyewe kupona. Umewahi kuona bibi harusi aliyechorwa piko iliyotengenezwa kwa dawa ya kutia nywele rangi, kisha maua yaleyale yakavimba na kubaki yakionekana mkononi kwa muda mrefu? Kemikali ya piko ni tofauti na ya gundi, lakini namna ngozi inavyolipiza ni ileile.

Sasa nizungumzie gundi zako mbili. Gundi nyeupe ya mbao ni ya maji na haina harufu kali, ndiyo maana huwadanganya watu. Ikikauka huwa gamba lisilonyumbulika vya kutosha, hupasuka kwenye kila mkunjo, na wakati wa kuitoa hung'oa vinyweleo pamoja na tabaka la juu la ngozi. Zaidi ya hayo, ni bidhaa ya fundi seremala, na hakuna aliyeipima kwa ajili ya kukaa mwilini kwa muda wa saa nane. Gundi ya viatu na gundi ya kukausha papo hapo sitazijadili kwa urefu, maana ya kwanza imejaa viyeyusho vinavyopenya ngozini na kuvutwa kwa pumzi, na ya pili huweza kutoa joto la kuunguza ikigusa pamba. Zote mbili zibaki kwa mafundi.

Gundi ya wigi ni suala jingine, na hapa ulikuwa na wazo la maana. Baadhi ya gundi zinazotumika saluni kubandikia wigi zenye lesi mbele ni za akriliki na maji, kwa hiyo zina undugu na Pros-Aide. Nyingine zina mpira wa asili, ambao huwadhuru vibaya watu wenye mzio wa mpira, na nyingine zina viyeyusho. Soma chupa. Kama imeandikwa kwamba ni ya akriliki, ya maji na haina mpira, unaweza kuijaribu kwa kubandika kipande kidogo cha bandia au kwa kuchanganya kiasi kidogo cha rangi ya kuficha mpaka. Isiyoonyesha viungo vyake iache dukani, hata muuzaji akikuapia. Vipodozi nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, kwa hiyo alama ya shirika hilo ni kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye kipodozi chochote unachonunua, iwe Mwanjelwa au Kariakoo.

Wengi wakishapata gundi nzuri hudhani kazi imekwisha, wakasahau nusu ya pili ya mchanganyiko. Rangi ya akriliki ya wachoraji haikutengenezwa kuwa kipodozi. Baadhi ya rangi zake, hasa nyekundu, njano na machungwa, hupatikana kutokana na kadimiamu, na baadhi ya buluu hutokana na kobalti. Maneno ya kwenye chupa yanayosema kwamba rangi haina sumu yanahusu mtu anayechora kwenye turubai akapakaa vidole na kunawa. Hayamhusu mtu anayeivaa kutwa. Vilevile, rangi hizi huwekewa dawa za kuzuia ukungu kwa sababu zina maji, na dawa zinazotumika mara nyingi ni za jamii ya isothiazolinoni. Mojawapo, methilisothiazolinoni, ilionekana kusababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki ngozini. Kwa hiyo hata kama gundi yako ni ya kuaminika kabisa, rangi uliyoiweka ndani yake inaweza kuwa ndiyo chanzo cha upele. Kwa kuwa kiumbe wako ni wa buluu, chagua buluu ya ftalo (phthalo) au ya altramarini (ultramarine) pamoja na nyeupe ya titani, na uepuke chupa iliyoandikwa kobalti.

Kuhusu mwili mzima, sababu yangu kubwa ni joto na kuitoa. Kuna imani ya zamani kwamba mtu aliyepakwa rangi mwili wote hufa kwa kukosa pumzi kupitia ngozi. Hilo si kweli, kwani tunapumua kwa mapafu. Lililo kweli ni kwamba jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi, na utando wa akriliki huzuia jambo hilo. Madaktari hukadiria eneo la ngozi ya mtu mzima kwa mafungu: kila mkono asilimia 9, kila mguu 18, kiwiliwili mbele na nyuma 36, kichwa na shingo 9. Ukipaka mikono, miguu na kiwiliwili umefunga karibu asilimia 90 ya njia yako ya kupoa. Utaniambia kwamba Mbeya kuna baridi mwezi wa nane, na ni kweli, lakini mtakuwa mnacheza, mtakuwa ndani ya ukumbi uliojaa watu, na utakuwa umebanana na abiria wengine ndani ya daladala. Isitoshe, mji wenu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata siku ambayo hewa ni ya ubaridi. Usiifanye rangi kuwa kinga yako ya jua.

Basi mtengeneze kiumbe wako hivi. Sehemu kubwa ya mwili, yaani miguu, kiwiliwili na mikono mpaka karibu na kifundo, ivishwe kitambaa. Nunua taiti na fulana ya mikono mirefu inayobana, yenye rangi ya kijivu au buluu hafifu, kisha upake mchanganyiko wa gundi na akriliki juu ya kitambaa hicho kikiwa kimevutwa juu ya mwanasesere wa dukani au chupa kubwa za maji, kamwe kisiwe mwilini mwako. Hapo gundi ya mbao haitafaa pia, kwa sababu itapasuka kitambaa kinaponyooka. Tumia gundi ya akriliki inayonyumbulika. Kwenye kitambaa unaweza kufanya mambo ambayo ngozi isingeyavumilia: magamba ya samaki yaliyochapwa kwa kipande cha wavu wa vitunguu, vivuli vya kijani ubavuni, mng'ao mweupe begani kama maji ya Ziwa Nyasa yakipigwa na jua la Matema. Ukimaliza unalo vazi la kuvaa mara nyingi. Ukitaka kuwa na mapezi kwenye mashavu au nyusi, yatengeneze kama vipande vya kubandika na uyapake PAX kabla hayajafika usoni, maana hiyo ndiyo kazi yake ya asili, nayo huifanya vizuri sana.

Uso, masikio, shingo na viganja vipakwe vipodozi vya jukwaani. Vile vya keki ya kulowanishwa kwa maji, kama vya Kryolan ya Berlin au Mehron ya Marekani, hupakwa haraka, huvumilika usoni na hutoka kwa sabuni. Udhaifu wake ni jasho na msuguano, ndiyo maana hufungwa kwa poda na dawa ya kupuliza ya kushikiza vipodozi. Zipo pia rangi zinazoyeyushwa kwa pombe, ambazo hudumu kutwa bila kuhamia kwenye kola, lakini ni ghali, hukausha ngozi, na zisikaribie macho wala midomo. Kwako ningetumia rangi ya maji usoni, na ile ya pombe shingoni tu, pale kola inaposugua.

Kuna jambo moja la kuona mapema kuhusu buluu juu ya ngozi nyeusi. Buluu ya ftalo ni angavu kama kioo cha rangi, hivyo ikipakwa peke yake juu ya ngozi yetu huonekana nyeusi au hupotea kabisa. Inahitaji nyeupe ya titani ndani yake ili ifunike, au tabaka la chini la buluu hafifu lililojaa nyeupe. Usijaribu kufikia rangi ya mwisho kwa tabaka moja zito. Jambo jingine ni kwamba mchanganyiko wa gundi hudanganya ukiwa mbichi. Weupe wa gundi huifanya rangi ionekane hafifu, na gundi ikishakuwa angavu rangi hukolea. Paka tone kwenye kipande cha kitambaa, likaushe, ndipo uamue kama linafaa. Vazi likiwa tayari, lichukue ulifananishe na rangi ya uso chini ya jua, kwa sababu taa ya ndani huficha tofauti ambayo picha za nje zitaifichua.

Ukishapata gundi iliyo sahihi na ukawa na mahali padogo pa ngozi pa kuipaka, kwa mfano ukingo wa pezi shavuni mbali na jicho, au ukanda wa kifundo cha mkono pale fulana inapoishia, changanya gundi na rangi kwa ujazo sawa. Rangi ikizidi, utando hupasuka. Gundi ikizidi, hunata kila mahali. Koroga taratibu ili usiingize mapovu, kisha chuja kwa kipande cha soksi ya nailoni. Paka kwa sponji kwa kugonga-gonga, tabaka jembamba sana, na lingine baada ya la kwanza kukauka. Likikauka bado litanata, kwa hiyo lipakwe poda kwa ukarimu kisha poda iliyozidi ipanguswe kwa brashi laini. Poda ikisahaulika, kwapa litashikana na mkono na vidole vitashikana kimoja na kingine. Sehemu zenye mikunjo na sehemu za siri zisiguswe. Kama hunyoi kila mara, nyoa siku 2 kabla, kwa sababu ngozi iliyonyolewa asubuhi hiyo ina mikwaruzo midogo usiyoiona.

Mbeya yenu itakuletea matatizo 2 ambayo maelezo ya kigeni hayatakutajia. La kwanza ni mafuta ya mgando. Katika miezi ya baridi sote wa nyanda za juu tunajipaka mafuta mengi ili ngozi isipauke wala kupasuka, na gundi haishiki juu ya mafuta. Usiku wa kuamkia siku hiyo jipake kama kawaida, lakini asubuhi oga kwa sabuni, kausha, na mahali patakapopakwa gundi pasuguliwe kidogo kwa pamba yenye spiriti. La pili ni kukauka. Gundi ya maji hukawia sana kukauka asubuhi yenye ukungu, na mtu akiharakisha huongeza tabaka juu ya lililo bichi, ambapo lote hujiviringa kama uchafu wa kufuta penseli. Tumia draya ya saluni kwa hewa ya uvuguvugu, kwa umbali wa urefu wa mkono. Nakuomba kwa msisitizo usikaushe kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua watu kimyakimya kila msimu wa baridi.

Kama rafiki yako ana mashine ya kupuliza rangi, atapenda kuitumia. Kwa kitambaa ni sawa, mkiwa nje na mkiwa mmevaa barakoa nzuri. Kwa mwili wa mtu, PAX isipulizwe kabisa, kwa sababu matone ya gundi yakivutwa kifuani hukauka humo. Mwaka 1938 mwigizaji wa Marekani Buddy Ebsen alilazwa hospitali akishindwa kupumua baada ya kupakwa vipodozi vyenye vumbi la alumini kwa ajili ya filamu, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine, ambaye alumini yake ilikorogwa kwanza ikawa uji. Kilichomdhuru kilipita puani, hakikupita ngozini.

Namna ya kuitoa rangi iwe imeandaliwa kabla hujafungua chupa ya gundi. Hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wakijiumiza, wakiwa wamechoka, saa 5 usiku, wakivuta utando kama plasta. Maji na sabuni havifanyi kitu mwanzoni. Mafuta ndiyo yanayoilegeza gundi. Wataalamu hutumia viyeyusho maalumu au mafuta ya isopropili miristeti, lakini kwa eneo dogo mafuta ya watoto, mafuta ya alizeti au hayo mafuta ya mgando uliyoyaacha asubuhi yatafaa. Pakaa mengi, subiri dakika 10, sugua kwa mduara kwa vidole mpaka utando uanze kujiviringa, futa kwa kitambaa, rudia, kisha oga kwa maji ya moto na sabuni. Itachukua muda mrefu, nawe uukubali. Vipande vya utando vitupwe kwenye taka, visiingie kwenye sinki, maana ni gundi na vitashika bomba. Petroli, mafuta ya taa, tina na asetoni havina nafasi mwilini. Hutoa rangi kweli, pamoja na kinga ya ngozi yako.

Ukiona wekundu, malengelenge au mwasho unaoendelea siku ya pili, nenda kituo cha afya ukiwa na chupa zote mbili, ya gundi na ya rangi, ili mhudumu aone viungo. Usikimbilie krimu za dukani zenye steroidi, zile zile zinazotumika kujichubua, kwa sababu huficha dalili na kuidhoofisha ngozi. Uvimbe wa midomo au macho, au kubanwa na pumzi, ni jambo la kwenda hospitali saa hiyohiyo, na rangi itatolewa huko huko.

Kwa kuwa mnakutana mwezi wa nane, jaribio la ngozi lifanyike mwezi wa saba. Changanya kijiko kimoja cha chai, paka eneo la ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, lipake poda, likae saa nyingi kadiri utakavyolivaa siku yenyewe, litoe kwa mafuta, kisha uangalie mahali hapo kwa siku 2 hadi 3, kwa sababu mzio wa aina hii mara nyingi hujitokeza baadaye. Fanya vivyo hivyo kwa rangi ya uso, shingoni nyuma ya sikio. Kama mkono utawasha hata kidogo, acha gundi kabisa na uongeze urefu wa mikono ya fulana ifunike viganja kama glavu, ukiacha vidole tu vipakwe rangi ya maji.